Arowana wa Emali na Maji ya Mchangani

Nilifika Emali nikiwa nimekumbatia pipa. Safari kutoka Mombasa ilikula mchana mzima, na mchana wote huo sikukaa mbele na dereva kama mtu wa maana. Nilikaa nyuma ya lori, juu ya magunia ya sukari, nimelibana pipa la buluu kwa magoti. Mkononi nilishika mpira mwembamba uliotoka kwenye tyubu ya tairi la trekta iliyojazwa upepo. Kila baada ya kitambo nililegeza kamba, upepo ukapita kwenye mpira na kutoa mapovu ndani ya pipa. Katikati ya mapovu hayo alikuwemo arowana mmoja mchanga, mrefu kama kalamu, ambaye tangu tutoke Mombasa hakuonyesha dalili yoyote ya shukrani.

Mtito Andei tulisimamishwa na polisi. Afande mmoja alizunguka lori, akaligonga pipa kwa rungu.

"Nini iko hapa ndani?"

"Samaki, afande."

"Samaki wa kukaangwa?"

"Wa kuangaliwa."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia uongo mwingi na huu haukuwa hata umetengenezwa vizuri. Akaamuru nifungue. Akainama na pua yake, akisubiri harufu ya pombe, na arowana akaruka, akampiga kifuani na kurudi majini.

"Nimeshika chang'aa kwenye tangi la petroli," afande alisema taratibu akijipangusa shati. "Nimeshika chang'aa ndani ya jeneza. Hii ndiyo ya kwanza kunipiga."

Njoroge, dereva wetu, alicheka hadi Makindu.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mlioingia kazi ya matangi ya samaki sasa, mkiwa na pampu za umeme na vipimajoto vya kubandika kwenye kioo. Mimi nimeiacha mwaka huu. Bado niko katika miaka ya arobaini, lakini magoti yangu yamebeba maji mengi kuliko umri wangu, na miguu yenyewe haijapata kupenda mahali pamoja. Nimeweka matangi kwenye mahoteli, kwa mapadri, kwa madaktari wa meno. Hayo mengine yanafanana. La Emali ndilo lililonifunza kazi.

Jina langu ni Kyalo. Nilizaliwa upande wa Mutomo, Kitui, nikamaliza kidato cha nne, na kabla matokeo hayajatoka nilikuwa nimeshapanda gari. Huko Mombasa nilipata kazi kwa Mzee Rajabu, aliyekata vioo, akaunda matangi na kuuza samaki wa mapambo waliomfikia kwa njia ambazo hakupenda kuzieleza. Siku yangu ya kwanza alinipa karai la kokoto nioshe. Nilipomaliza alitazama maji ya mwisho, akayamwaga, akaniambia nianze tena. Jioni nilijua kokoto zile kwa sura. Kesho yake alinipa karai lingine.

Mzee Rajabu alinifundisha kumchagua arowana. Msitazame ukubwa. Tazameni macho: yote mawili yakae sawa, lisiwepo linaloelekea chini. Tazameni ndevu mbili za kidevuni: ziwe zimenyooka na zilingane. Vifuniko vya mashavu vilale bapa, visijikunje kama ukurasa wa kitabu kilicholowa. Kisha mwambieni muuzaji amlishe mbele yenu. Samaki asiyekula mbele ya mgeni atakula mfuko wako halafu afe.

Haji Abdi alipoingia dukani hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa na malori Emali, na kabla ya malori alikuwa mtu wa mifugo kutoka kaskazini mashariki. Alisimama mbele ya tangi la arowana akiwa ameweka mikono nyuma, vile wanavyosimama mnadani.

"Meno yake yakoje?"

"Haji, huyu si mbuzi," Mzee Rajabu alimwambia.

"Najua si mbuzi. Nauliza meno."

Nilimweleza kwamba ana meno hadi kwenye ulimi, na ulimi wenyewe ni mfupa. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo ni jambo la heshima. Kisha akaomba niwatembeze. Sikuelewa. Akachukua fimbo yake, akaipitisha taratibu kando ya kioo kutoka pembe hadi pembe, na arowana wote wakaifuata. Alirudia, macho yake yakiwa kwenye mikia. Mwishoni akamnyooshea kidole mmoja mwembamba wa pembeni.

"Huyu. Wengine wanakimbia. Huyu anatembea."

Mzee Rajabu alisogea, akakagua macho, ndevu na mashavu. Akamtupia mende. Yule mwembamba alimla kabla wengine hawajageuka.

"Umesema ulikuwa unauza nini?" aliuliza.

"Ngamia."

"Basi ni kazi ile ile."

Haji hakutaka samaki kwa ajili ya wageni wa sebuleni. Alitueleza wazi akiwa amekalia kiti cha kukatia kioo. Kiangazi kilikuwa kimemaliza ngamia wote wa mama yake huko kwao. Alimleta Emali, akampa chumba kizuri nyuma ya duka, na tangu siku hiyo mama alilala ameelekea ukutani. Hakuugua. Hakulia. Aliangalia ukuta, akala akilazimishwa. Haji alikuwa amejaribu redio, amejaribu kasuku. Kisha aliona tangi la samaki katika ofisi ya wakala mmoja bandarini, na alipokuwa akilitazama alijikuta amesahau kilichompeleka.

"Kama hataki kugeuka kutoka ukutani," alisema, "nitaweka kitu ukutani. Na kijana huyu aje naye. Samaki akifa, mama atarudi kuangalia saruji."

Mimi nilikuwa nimeshachoka na Mombasa. Nilikubali kabla Mzee Rajabu hajamaliza kukuna kichwa.

Sasa kosa. Haji alitaka tangi lijae ukuta mzima, na alilipima kama anavyopima bodi ya lori: urefu kwanza, upana baadaye. Nilimwambia arowana anahitaji upana wa kugeuka, kwa sababu atakua awe mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Lori haligeuki ndani ya bodi yake," alinijibu.

"Samaki anageuka, Haji."

"Kwa sasa ana nafasi?"

"Kwa sasa ana uwanja wa mpira."

"Basi tutaongea akikua."

Tulijenga refu na jembamba. Mfuniko niliutengeneza kwa wavu wa waya na kuufunga kwa skrubu, maana arowana huruka, na anayeamini wa kwake haruki atamkuta sakafuni. Nikamtia samaki ndani, nikaketi mlangoni.

Ayeyo, yaani bibi, ndivyo tulivyomwita mama yake Haji, alikuwa amelala kwenye godoro chini. Alimtazama samaki kwa muda mrefu. Samaki akamtazama yeye, mdomo umeinuka, kidevu mbele.

"Huyu anatudharau," Ayeyo alisema.

Haji aliyekuwa nyuma yangu alinibana bega.

"Ana mdomo wa ngamia," Ayeyo aliendelea. "Na dharau ya ngamia. Nani amemfundisha?" Tangu hapo samaki aliitwa Ngamia, na kila mgeni alilazimika kueleweshwa.

Emali palikuwa mahali salama kwa samaki kuliko mji wowote niliowahi kuufanyia kazi. Majirani Wakamba wa zamani hawakula samaki, na nyumba ya Haji haikula pia. Mtu mmoja tu, fundi wa reli aliyetoka upande wa ziwa, alikuja kumwona kwa adabu, kisha akaniuliza pembeni kama ana mafuta mengi.

Chakula kilikuwa panzi, mende, kumbikumbi wakati wa mvua, na vipande vyembamba vya moyo wa ng'ombe visivyo na mafuta. Mende nao wachagueni. Wa jikoni kwa mtu mliyemzoea ni sawa. Wa stoo ya mahindi msiwaguse, kwa sababu mahindi yametiwa dawa na mende ameitembelea. Ayeyo alikuwa na maoni yake. Siku moja nilikuta kipande cha sambusa kinaelea.

"Ayeyo, hali unga."

"Nyama ilikuwa ndani. Ningeitoaje?"

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa jicho. Ngamia alianza kukua, na jicho lake la kulia likaanza kuelekea chini. Wengine husema ni mafuta, wengine husema ni kuzaliwa. Mzee Rajabu alisema samaki huyu kwao hutazama juu ya maji, na ukimpa sababu ya kutazama chini, jicho hubaki huko. Nilichunguza kuna nini chini. Chini palikuwa na Ayeyo. Samaki alimtazama kutwa nzima kutoka juu, kwenye godoro lake.

Haji aliposikia alishusha pumzi. "Unataka nimwondoe mama?"

"Nataka tumpandishe."

Tulipanga kreti za soda chini ya ubao, tukaweka godoro juu yake, hadi kichwa cha Ayeyo kikawa sawa na uso wa maji. Alilalamika kwamba tumemweka kwenye rafu kama bidhaa. Jicho la Ngamia halikupanda, lakini halikushuka tena. Na Ayeyo, kutoka juu ya kreti zile, alianza kuona dirishani, na kutoka dirishani akaanza kutoa amri kuhusu jinsi watu wanavyofunga mizigo kwenye malori.

Kesi ngumu ya pili ilikuwa maji, na hapo ndipo tulipokaribia kumpoteza samaki, na bibi pamoja naye.

Maji ya kisima kirefu cha Emali yana chumvi. Chemsha sufuria ikauke, itabaki nyeupe kama imepakwa chokaa. Ngamia hakuyataka. Nilimchotea maji laini kwenye mto mkavu, ambapo wanawake hufukua mchanga hadi maji yanajikusanya chini, na kuyateka kwa kibuyu. Niliyaacha yatulie, kisha nikabadilisha robo ya tangi kila wiki, kamwe si zaidi. Ya zamani niliyamwaga nyuma ya choo.

Mwaka ule mvua zilikataa mara mbili. Shimo la mchangani likazidi kwenda chini, hadi anayeteka alionekana kichwa tu. Foleni ilisimamiwa na kikundi cha mwethya, wanawake wanaosaidiana kazi, wakiongozwa na mama mmoja mfupi ambaye kila mtu alimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Asubuhi moja alisimama mbele ya punda wangu.

"Kyalo, mwana wa Mutomo. Hii mitungi yote ni ya nani?"

"Ya nyumbani kwa Haji, mwaitu."

"Haji ameongeza watu?"

"Watu ni wale wale."

"Basi ni nani ameongezeka kiu?"

Foleni nzima ilicheka, na punda akatumia nafasi hiyo kuketi.

"Samaki hanywi, mwaitu. Anakaa tu ndani ya maji."

"Hata mimi ningependa kukaa tu ndani ya maji," alisema. "Sikiliza. Hatuna ubaya na wewe. Lakini miche yetu mingi ya michungwa imekauka kitaluni, tumeiacha ikafa, ili watoto wapate ya kunywa. Tumekaa kikao. Maji ya mchangani ni ya koo za watu. Huyo mpe maji ya kisima, yale tunayoogea sisi."

Nilimwinua punda, nikamgeuza. Ningekuwa kwenye foleni na mtungi mmoja, ningesema hivyo hivyo.

Nilijaribu kuchanganya maji ya kisima kidogo kidogo. Ngamia alikunja mapezi, magamba yakapata ukungu, na panzi wakaelea juu yake bila kuguswa. Ayeyo aliona yote hayo. Jioni sahani yake ilirudi jikoni imejaa.

"Nitakula akila," alimwambia Haji.

Asubuhi iliyofuata sahani ilirudi tena, na safari hii Ayeyo alikuwa amefumba macho, uso kwenye kioo. Haji alinitazama. Nikaenda mtoni bila punda.

"Mwaitu, sijaja kuomba maji. Naomba uje uone."

"Nione samaki?"

"Umwone bibi."

Alikuja akiwa na kibuyu chake bado mkononi. Alisimama mlangoni, akaona tangi, akaona kreti, akamwona mzee mwenzake juu ya kreti. Walisalimiana kwa Kiswahili cha kila mmoja.

"Wanasema huli," Mwaitu alisema.

"Wanasema wewe ndiye mwenye mto," Ayeyo alijibu.

"Mto ni wa Mungu. Mimi nasimamia foleni."

Ayeyo alifungua macho. "Ngamia wangu walikufa mmoja mmoja, nikiwaangalia. Sikuwa na cha kuwapa. Huyu pia naangalia. Kama umekuja kunieleza kwamba watu kwanza, najua. Kwetu pia ni watu kwanza. Hilo halinisaidii kuangalia."

Mwaitu aliketi kwenye ukingo wa godoro, kreti zikalia, akamtazama samaki pamoja naye. Baadaye alinigeukia.

"Maji unayotoa humu, unapeleka wapi?"

"Namwaga nyuma ya choo."

"Unamwaga," alirudia, kama nimesema namwaga maziwa.

Akatoka kwenda kuona. Nyuma ya choo cha Haji, katika mwaka ambao hata katani ilikuwa imekunjamana, mnavu ulikuwa umeota hadi kiunoni, mweusi kwa ubichi. Nilikuwa nimeupita kila wiki nikibeba ndoo, nikiuona ni magugu. Mwaitu alichuma jani, akalinusa.

"Nani amepanda?"

"Hakuna, mwaitu."

"Amepanda yule mwenye ndevu," alisema. "Uchafu wake ni mbolea." Alifikiri, akipigapiga kibuyu kwenye paja. "Hatukupi maji, Kyalo. Tunakuazima. Mtungi ukiingia kwa samaki, mtungi utoke kwenda kitaluni. Kama tungepeleka maji safi kwenye miche, watu wangetupiga, na wangekuwa na haki. Lakini maji ambayo samaki ameshakaa, nani atayadai anywe?"

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu, nasikia, na mama mmoja aliuliza kama punda wake pia anaweza kusajiliwa apewe mtungi. Lakini walikubali. Wanawake wa mwethya wakawa wanaleta mtungi asubuhi na kuondoka na mtungi, na mimi nikatoa maji ya chumvi kwa vipimo vidogo, nikisubiri kati ya kimoja na kingine, kwa sababu maji mazuri yakija ghafla huua kama mabaya. Ngamia alinyoosha mapezi. Siku alipomla panzi, Ayeyo aliagiza wali, akaumaliza, akauliza kwa nini nyama ilikuwa kidogo.

Wanawake hawakuondoka mara moja na mitungi yao. Waliketi. Chumba kilichokuwa kimya kikawa na kelele za kusuka vyondo, na Ayeyo, ambaye hakujua kusuka, aliwarekebisha wote.

Mvua ziliporudi, miche iliyonusurika ilikuwa mingi kuliko walivyotarajia, na mwethya wakaamua kujenga tangi la saruji kitaluni. Walibeba mawe kwa wiki nyingi. Wakati huo huo Ngamia alikuwa amefika urefu ule niliomwonya Haji. Ili ageuke alijikunja kama mtu anayevaa shati ndani ya kabati, na pua yake ilianza kuchubuka kwenye kioo. Haji aliliona, akaja kusimama kando yangu.

"Sasa amekua," alisema.

"Ndiyo, Haji."

"Tulisema tutaongea." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yenyewe.

Ni Mwaitu aliyeyamaliza. Alikuja kunionyesha tangi lao jipya. Lilikuwa la duara, pana, lenye kivuli cha makuti upande mmoja na ukingo wa chini upande mwingine. Maji yaliingia kutoka juu ya paa la shule na kutoka kwenda kwenye miche.

"Duara halina kona ya kumkwamisha," alisema. "Tumeacha ukingo chini hapa, mtu akikaa kwenye kiti aone."

Ayeyo alikataa kwa siku kadhaa. Alisema tunampeleka mnyama wake malishoni bila mchungaji. Mwaitu akamwuliza nani alisema bila mchungaji.

Tulimhamisha asubuhi kukiwa na baridi kidogo. Nilimzungushia shuka lililolowa, tukamweka kwenye beseni kubwa la kuogea juu ya mkokoteni wa punda, wavu juu yake. Ayeyo alikataa kubaki nyuma. Haji alimbeba, akamketisha kando ya beseni, naye Ayeyo akavuka barabara ya Mombasa akilishika kwa mikono miwili, akiwakaripia madereva wa malori waliosimama kumpisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mji aliokuwa akiishi. Alisema ni mdogo.

Ngamia alizama chini, akakaa. Kisha akazunguka duara zima bila kujikunja hata mara moja, taratibu, na Haji akaniambia kwa sauti ndogo, "Unaona? Anatembea."

Baada ya hapo kazi yangu iliisha bila mtu yeyote kuifuta. Samaki alikuwa na maji, na kila panzi wa kitaluni alijileta mwenyewe. Ayeyo alipelekwa kila asubuhi na kurudishwa jioni. Haji alinipa nafasi ya kusimamia duka, na alimaanisha. Nilikaa nyuma ya kaunta kwa siku chache nikisikiliza treni. Kisha nikafungua tangi la kioo, nikaligawanya, nikamwachia vioo vya madirisha, na nikamwomba Njoroge nafasi kwenye lori la Loitokitok, mbele safari hii.

Nilipita kitaluni kuaga. Kulikuwa na wageni, walimu waliotoka Nunguni kununua miche, wamesimama ukingoni wakishangaa. Ayeyo, kwenye kiti chake na Mwaitu kando yake, alikuwa katikati ya maelezo.

"Nilikwenda Mombasa mwenyewe," alikuwa akiwaambia. "Walikuwa wengi. Wote wanakimbia. Nikasema, huyu. Huyu anatembea. Nikamleta kwa lori, nimelishika pipa hivi."

Ayeyo hakuwahi kufika Mombasa. Mwaitu, aliyejua hilo vizuri, alitikisa kichwa kuthibitisha.

"Na jicho hili?" mwalimu mmoja aliuliza.

"Alikuwa ananiangalia mimi," Ayeyo alisema.

Njoroge alipiga honi. Niliweka mkoba begani, nikapita nyuma ya wageni taratibu, nisije nikamkatiza.